Cleavon Pettaway, Aliyepima Mabeki wa Watu Wote Isipokuwa Mmoja

Mchungaji, wafiwa wenzangu, na ninyi mliotoka mbali: nimeombwa nisome wasifu wa marehemu kwa dakika tatu. Nitajitahidi, lakini kaka yangu hakuwa mtu wa dakika tatu, na mimi nina hasira naye. Niliona niseme hilo mapema ili msishangae mbele ya safari.

Marehemu Cleavon Marcell Pettaway alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Novemba 1955, nyumbani, katika Barabara ya Old Gin hapa Tolliver, Mississippi. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Otha na Ocie Pettaway. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Aliangaza macho chumba kizima kwanza, akahakikisha nani amesimama wapi, ndipo akalia. Mimi Earnestine, ambaye yeye peke yake aliniita Tina, nilizaliwa miaka tisa baadaye, na tangu siku hiyo nikawa chini ya uangalizi wake.

Alisoma hapa hapa Tolliver na kumaliza sekondari mwaka 1974. Chuo kilimchukua kwa sababu ya mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kushika mikononi na kuvaa kofia ngumu, na huko akacheza nafasi ya beki wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya wenzake wote. Wengine wakipitwa, yupo yeye. Yeye akipitwa, hakuna mtu, ni goli na aibu. Alipokuwa mwaka wa mwisho walikuja watu wa ligi ya kulipwa na saa zao mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha. Walimkimbiza yadi arobaini kwenye nyasi zilizolowa, wakaona sekunde nne na nukta nane, wakatikisa vichwa na kuondoka kabla viatu vyake havijakauka. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Walimpima miguu, kichwa wakakiacha pale pale uwanjani.

Alirudi nyumbani akafundisha hesabu na mpira katika shule yetu ya sekondari. Mwaka 1987 timu moja ya ligi ya kulipwa ilimwajiri kuwa mtafuta vipaji. Sina haja ya kuitaja, makoti yake mnayaona viti vya nyuma. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliendesha gari kutoka Texas mpaka Carolina, mfuko wa karanga za kuchemsha kando yake, akienda kuwatazama vijana wa vyuo. Kazi yake ilikuwa kusema yupi ataweza kucheza na wanaume na yupi arudi kwao akatafute kazi nyingine. Wenzake walimwita Mzee wa Mabeki, na kwa nafasi ile ya beki wa mwisho neno lake lilikuwa neno.

Hakukaa jukwaani na wenzake. Alisimama nyuma ya goli, kofia imeshuka machoni, na mpira wenyewe hakuutazama. Niliwahi kumuuliza, "Kaka, unalipwa kwenda mpirani, mbona huangalii mpira?" Akanijibu, "Mpira hauna siri, Tina. Mtu ndiye ana siri. Mwangalie akishapitwa. Akiinua mikono kumlaumu mwenzake, mimi nawasha gari." Saa alikuwa nayo, kwa kuwa ofisi ilitaka namba. Lakini alisema saa inajua mtu anakimbiaje, haijui anakimbilia wapi.

Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na Rosetta Mims katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia binti wawili, Yolanda na Camille. Nyumbani alikuwa mpole, ila macho ya kazini hakuyavua. Siku ya Shukrani, tukiwa mezani kwa Mama, alitazama nani anaogopa kuchukua paja la mwisho la kuku na nani anajifanya hana habari nalo. Nilipomleta mchumba wangu kumtambulisha, alimtazama anavyokula pai ya viazi vitamu, kisha akanivuta jikoni. "Mdogo wangu, huyu anaangalia mpira. Hakuangalii wewe. Atapitwa." Nikamwambia ale, anyamaze. Ndoa ile ilidumu miaka sita, na Rosetta hapo alipo anacheka kwa sababu alikuwepo.

Sasa nifike panapouma. Kwenye ndoa ile nilipata jambo moja jema, mwanangu Keldrick, huyu mliyemwona amebeba jeneza upande wa kulia. Keldrick amemaliza chuo, naye anacheza beki wa mwisho. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha kusimama, uani kwangu, kwa ndoo mbili na kamba ya kuanikia nguo. Mwezi wa nne timu za kulipwa zinachagua vijana. Kijana amebakiwa na mwezi mmoja na nusu, na mtu mmoja tu katika nchi hii ambaye neno lake lingemfungulia mlango ni huyu aliyelala hapa mbele yetu.

Akakataa kusema. Hakumsifu, hakumkosoa. Kila alipoulizwa habari za mpwa wake alijibu, "Niulizeni habari za mtoto mwingine," akamenya karanga.

Alidhani anatenda haki. Lakini watu wa kazi ile nawajua, nimewapikia kambare miaka mingi. Mzee wa Mabeki akinyamaza juu ya beki, wao husikia hapana. Desemba walipita wawili mgahawani kwangu, nikawauliza wana maoni gani juu ya Keldrick. Mmoja akainamisha kichwa. "Mama, kijana ni mzuri. Lakini kama mjomba wake mwenyewe amemeza ulimi, sisi ni nani tumtetee?" Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya hiki ulimwangukia mwanangu.

Nilikwenda kwake siku ile ile, hata aproni sikuvua.

"Kaka, wanasema umemkataa."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana!"

"Hilo ni kosa lao, Tina."

"Kosa lao, lakini njaa ni yetu! Mume wangu sikukuomba umpime, ukampima mpaka meno. Mwanangu nakuomba kwa magoti, umekuwa bubu?"

Akaweka chini mfuko wa karanga. "Nikimsifu, siku atakayokosea watasema aliingia kwa mlango wa mjomba. Hawataacha kusema hivyo mpaka astaafu. Nikimkosoa, utasema nimekuulia mtoto. Mwache apimwe kama walivyopimwa wengine."

"Wewe ulipimwa kama wengine. Ulipata nini?"

Akauokota tena mfuko wa karanga. Rosetta alinisindikiza mlangoni akanifunga koti kama mtoto. Keldrick naye nilipomweleza alinikasirisha zaidi. Alisema, "Mama, mwache mjomba. Anajua anachofanya." Nikabaki peke yangu na hasira yangu, wanaume wawili wakiwa wametulia kama maji ya mtungi.

Na wala si kwamba hakumtazama. Oktoba nilikwenda kumwangalia Keldrick akicheza, na katikati ya mchezo nikaona nyuma ya goli la mbali kofia ninayoifahamu. Hakuniarifu kwamba anakuja, na aliondoka kabla ya filimbi. Siku ile Keldrick alipitwa, wakafunga. Beki mwenzake, mtoto wa mwaka wa kwanza, ndiye aliyekuwa amekosea, uwanja mzima ulimwona. Keldrick alimwendea, akamgonga kofia yake ngumu taratibu, akamwambia neno. Baadaye wale wapinzani wakarudia mchezo ule ule, na safari hii mpira ulipofika ulimkuta Keldrick keshafika.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hospitali huko Jackson, na madaktari walipoishiwa la kufanya aliomba arudishwe nyumbani. Alikonda, karanga hakuziweza tena, lakini macho yalikuwa yale yale. Alimwambia muuguzi kwamba anaegemea mno mguu wa kushoto, na muuguzi akakiri kuwa goti lilikuwa likimsumbua.

Jumapili tarehe 24 Februari nilikuwa nikimpangusa uso. Rosetta alikuwa ametoka kwenda ibadani. Sikuwa nimepanga kumuuliza. Nilikuwa nimeapa nitamwacha afe kwa amani. Kinywa hakikunitii.

"Kaka, niambie mimi tu. Mimi si timu. Mwanangu anaweza, au nijiandae?"

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akaanza, polepole, kwa sauti ile aliyotumia kwenye simu na ofisi.

"Mbio zake ni za kawaida. Nyonga inageuka kwa uzito upande wa kushoto, watahitaji msimu mmoja kuilainisha. Akiwa amechoka anakaba kwa bega badala ya kukumbatia, na kwa wanaume ataangushwa yeye." Akapumzika. "Lakini anausoma mchezo kuliko beki yeyote niliyemwona tangu niajiriwe. Anawapanga wenzake, nao wanamwamini. Akipitwa hamlaumu mtu. Angekuwa mtoto wa mtu baki, Tina, ningekuwa nimelala barazani kwao tangu Septemba, mbwa wao angenizoea."

Nililia. Nilifurahi, na hapo hapo nilitaka kumpiga na lile taulo.

"Kwa nini basi, kaka? Kwa nini?"

"Kwa sababu sina hakika kama ni jicho linaloona au ni damu. Mabeki wote hao nimepima, kwa huyu mmoja sijui." Akanishika mkono. "Hilo ni lako. Usilitoe nje."

Cleavon Marcell Pettaway alifariki dunia Alhamisi, tarehe 7 Machi 2019, alfajiri, mkewe na binti zake wakiwa kando yake. Mara ya mwisho kuongea na Keldrick, jioni ya jana yake, alimwambia ainue kidogo kisigino cha kushoto.

Ameacha mjane, Rosetta. Ameacha binti wawili, Yolanda na Camille, wajukuu wanne, dada mmoja, na mpwa mmoja. Ameacha pia vijana wengi waliokula mkate wa ligi ya kulipwa kwa sababu mtu mmoja alisimama nyuma ya goli akawatazama wao badala ya mpira. Wengine wenu mko humu ndani. Asanteni kwa maua.

Na ninyi wa viti vya nyuma. Mchungaji ananitazama, nakaribia kumaliza. Kaka yangu aliniambia nisilitoe nje, na mimi nimelitoa kanisani, mbele yake, na limechapishwa ukurasa wa tatu wa hicho kijitabu mlicho nacho. Kasoro sikuficha hata moja, maana ningeutia maji ushahidi wake angeinuka humo ndani. Kama ni jicho au ni damu, yeye hakujua, na mimi mama sitajua kamwe. Jumatano saa nne asubuhi Keldrick anakimbia chuoni kwao. Najua mtakuja na saa zenu. Namba mtakayopata itakuwa ya kawaida, mmeshaambiwa. Ombi langu ni kwamba mkishaiandika msikimbilie magari. Kamwombeni kocha mkanda wa ule mchezo wa Oktoba, mtazameni kijana akishapitwa, halafu mseme ninyi wenyewe, kwa vinywa vyenu. Akikataliwa, akataliwe na watu waliomtazama.

Kaka, najua umekasirika. Utanigombeza nikifika, nami nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Pumzika wewe. Mimi nitapumzika mwezi wa nne.