Mwasumini Chini ya Mablanketi

Benchi letu limebanwa kati ya mlango wa kinyozi na geti la kitalu cha Bi Maua. Siku zote tunakaa tukitazama barabara, lakini asubuhi ile tulikuwa tumeligeuza, tunatazama rundo la vitambaa kwenye kona ya kitalu, refu kama mtu aliyevaa nguo zake zote kwa mpigo. Ndani ya rundo hilo kulikuwa na mwasumini. Jana yake redio ilitangaza kwamba usiku kutakuwa na jalidi, yaani umande utaganda uwe barafu juu ya majani, kitu ambacho mji wetu wa joto hukiona kwa nadra sana, na kikija kinaua kila chenye ua. Bi Maua mwenyewe hakuwepo. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza na ya taabu tupu, naye akaondoka mbio akituachia ufunguo na maagizo. Vyungu vyote tulivihamishia kwa kinyozi. Mwasumini hauhamishiki, umekita mizizi ardhini. Ulitokana na tawi alilokata Bi Maua uani kwa mama yake kabla nyumba ile haijauzwa na kubomolewa, na hana kitu kingine cha mama yake kilicho hai. Sasa jua lilikuwa limeshapanda, na hakuna kati yetu aliyenyanyua hata ncha ya kitambaa.

— Hebu turudie maagizo, — nikasema. Mimi fundi viatu, napenda kazi inayoeleweka. — Alisemaje?

— Tumwagie udongo maji jioni, — akajibu Upara, kinyozi wetu, ambaye jina lake linatokana na kichwa chake mwenyewe. — Tufunike kabla jua halijazama. Kitambaa kifike chini kabisa. Nailoni isiguse majani. Na asubuhi jua likichomoza, tufunue.

— Na jua limechomoza.

— Limechomoza, ndiyo.

— Basi?

Upara akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akainywa moto moto ili asijibu.

— Tusikurupuke, — akasema Wakili. Huyu hajawahi kuingia mahakamani ila siku aliyoitwa kuwa shahidi, lakini tangu siku hiyo hasemi kama watu wengine. — Yeye alisema likichomoza. Hakusema lichomoze kiasi gani. Linaweza kuchomoza mpaka saa sita.

— Wakili, unatutania.

— Nasoma maagizo kama yalivyo.

Sindano, fundi cherehani, akaunga mkono upande huo. Yeye usiku hakulala, macho mekundu kama aliyekata vitunguu.

— Mimi naona mti umelala. Mtu aliyekesha na baridi ukimvua blanketi ghafla, si atapata homa? Tuuache upumzike. Hata wiki.

— Wiki! — nikasema. — Utakuwa umeoza, utaufunua ukiwa mboga.

— Bora mboga kuliko kuni.

— Dawa yake ni taulo la moto, — akasema Upara. — Msinicheke. Mteja anakuja hapa uso umekakamaa kama kiatu cha fundi huyu, namtia taulo la moto, ngozi inarudi. Tuzungushe taulo kwenye shina, damu itembee.

— Mti una damu?

— Una utomvu. Utomvu ni damu isiyo na haraka.

Nilitaka kumjibu, lakini na mimi sina cha kujivunia, maana ni mimi niliyesema tuumwagie kahawa kwenye mizizi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kahawa inamwamsha mtu mzima, nikasema, itashindwaje na mti?

— Ndugu zangu, hamjaelewa hatari iko wapi, — akasema Wakili, na akavuta benchi mbele, sote tukiwa juu yake. — Baridi haikuondoka. Imeingia chini ya ardhi. Imejibanza pale, inasikiliza. Tukifunua tu, inapanda.

— Inasikiliza?

— Usiku mlikuwa mnasikia baridi ikipiga kelele? Hamkusikia. Inayonyamaza ndiyo inayosikiliza.

— Basi mbona unaongea kwa nguvu hivyo?

Akashusha sauti. Wallahi, mtu mzima na mvi zake, akashusha sauti asisikiwe na baridi.

— Isitoshe, mmea unamjua mwenyewe, — akanong'ona. — Ukifunuliwa na mkono mgeni unashtuka. Moyo unasimama.

— Basi tumpigie simu Bi Maua aje, — nikasema.

— Mpigie.

— Mpigie wewe, Upara, ndiye jirani.

— Nikimpigia, lazima niulize ya binti. Siwezi kuanza na mti. Na nikiuliza ya binti, akaniambia…

Tangu alipoondoka, Bi Maua hakuwa amepiga, na sote tulikuwa tumeuona ule ukimya wake.

Ndipo akatokea mama mmoja, mwendo wa mtu aliyeahidiwa mara nyingi, akamsimamia Sindano kichwani.

— Baba, gauni langu.

— Mama, shikamoo yako. Gauni liko njiani.

— Njiani linatoka wapi? Si nilikuletea kitambaa mwenyewe? Cha bluu, kina ua jeupe. Kiko wapi?

Sindano akatazama rundo. Mama akatazama anakotazama Sindano. Kutoka kwenye ubavu wa rundo, chini ya blanketi langu na shuka za kunyolea za Upara, kipande cha bluu chenye ua jeupe kilikuwa kinamwangalia.

— Umekifunikia nini pale?

— Mwasumini, mama. Kwa ajili ya jalidi. Kilikuwa kizito, kinafaa.

Tulijua sasa tutatukanwa, na tuliyastahili matusi hayo. Lakini mama akasogea karibu na geti, akaliangalia rundo vizuri, hasira zikampungua.

— Na uko mzima? — akauliza.

Tukatazamana. Sindano akaangalia viatu vyake, nami, kwa mazoea ya kazi, nikaviangalia pia.

— Nawauliza nyie wanaume wanne. Mti uko mzima au umekufa?

— Hatujui, — nikasema. — Tunaogopa kuangalia.

Mama hakucheka. Akaning'iniza mkoba wake kwenye geti, akaingia, tukamfuata nyuma kama watoto. Akavua blanketi. Akavua shuka moja, ya pili. Akavua kitambaa chake, akakitupia begani. Kila kitu kilikuwa kimelowa, baridi kama chuma. Ndani kabisa, juu ya majani, tukakuta nailoni.

— Nailoni ya nani hii? — Upara akafoka. — Si alisema isiguse majani?

— Alisema isiguse, — akasema Wakili, mnyonge. — Mimi niliiweka tu. Kugusa iligusa yenyewe.

Mama akaiondoa. Kileleni, pale ilipogusa, majani yalikuwa yameungua, meusi. Kisha akayapekua matawi ya chini kwa vidole, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa kijani, laini, yana maji. Kwenye panda ya tawi kulikuwa na vitumba vitatu vimefumba vizuri kabisa. Sindano akasema «Alhamdulillahi» mara nyingi sana, na Upara alikuwa ameshabonyeza simu na kuweka sauti ya nje.

Ikapokelewa papo hapo.

— Halo?

Upara akasafisha koo. Mama akainama kwenye simu.

— Mzima, dada! Umeungua kidogo juu, lakini mzima, na una vitumba!

— Wewe nani?

— Mimi mwenye kitambaa.

Tukasikia Bi Maua anacheka na kulia kwa pamoja.

— Na huku wazima, — akasema. — Wote wawili. Kajifungua alfajiri, mtoto wa kike. Nimeishika simu tangu muda ule, nashindwa kupiga. Nikasema kama mti umekufa, jamani, nisisikie leo.

— Na sisi tuliogopa kukuuliza, — nikamwambia, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

— Jamani. Jamani nyie. Sikilizeni, yale yaliyoungua msiyakate, yaacheni mpaka nije.

— Tumesikia.

Upara akakata simu, akakaa chini palepale kwenye udongo uliolowa, na suruali yake nyeupe ya kazi.

— Mnakumbuka, — akasema Wakili huku akijifuta uso kwa nailoni yake, — hakusema tusiyakate yale ambayo hayaku…

— Nyamaza, Wakili, — akasema Upara. — Nyamaza ulie kama wenzako.