Mgongo wa Mama Augustine kule China

Kwanza niliona tundu lililounguzwa na moto, kubwa kama kifungo, begani mwa kikwembe, kitenge alichovaa mama mmoja. Tulikuwa ndani ya mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Lubunga, wakati waasi walipokuwa wameshika mji. Mama huyo alimwonyesha papa mmoja, mzee mwenye kofia nyeupe, picha ya watu wanaokula ndani ya meli. Pichani mwanamke mmoja aliwapa wenzake mgongo.

«Huyu iko mimi, papa. Tulienda na bwana yangu kutembelea mutoto wetu mwanamuke, Augustine, kule China.»

«Na hii vita? Mulipita wapi?»

«Kampala.»

Papa akacheka. «Alors, mama, unatuonyesha mugongo tu! Mugongo iko na jina?»

«Bwana ya Augustine alikuwa ku meza. Kwetu Yanonge, mama hawezi kula mbele ya bokilo, bwana ya mutoto wake. Nikageuka upande wa maji, nikakula samaki yangu. Wachina wote walishangaa!»

«Donc ulienda mbali vile kuangalia maji? Maji hata hapa iko!»

«Heshima yangu pia ilipanda ndege, papa,» alijibu, shingo juu.

Mtumbwi ukagusa ufuko. Papa alishuka akiwa bado anacheka, nami nikashuka nyuma yake.

Mama wa mtumbwini, ilikuwa wewe kweli. Tundu lile nililiona hata kwenye picha, begani mwa yule aliyegeuka.