Maua Yenye Kitovu Cheusi

Benchi letu liko nje ya ghala la kufungashia matunda, ukutani, hatua tatu kutoka mlango wa chumba cha baridi. Mlango huo ukifunguliwa, hewa ya ubaridi hutambaa miguuni mwetu ikiwa na harufu ya stroberi, na hata mtu aliye katikati ya ubishi hunyamaza kidogo, kama aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Wenyeji wake tulikuwa wanne: mimi fundi wa makreti, Kipimajoto, mkaguzi wa ghala, ambaye kifaa kilichompa jina hakimtoki mfukoni, Barua, aliyesambaza barua miaka thelathini na sasa anasoma mawingu kama bahasha, na Masafa, dereva wa lori la baridi. Shangazi alituuzia kahawa, na hakuwahi kutuamini.

Asubuhi hiyo Masafa alirudi kutoka mzunguko wa siku nne, na makreti ya milimani yalikuwa matupu. Alikaa, akapewa kikombe, akaanza kusimulia taratibu kama mtu anayekumbuka ndoto. Bondeni mvua ilikuwa haijakatika wiki ya tatu. Stroberi zimekunywa maji mpaka zimepoteza utamu, ukizishika zinakuachia kuvu ya kijivu kidoleni. Ziwani, kinyume chake: jua limewaka mfululizo, matunda yameiva kabla ya wakati wake, madogo, mekundu ya kutisha.

— Na milimani? nikamuuliza.

— Milimani kumeanguka jalidi. Nimefika alfajiri, majani yote meupe, utasema kuna mtu kapita akinyunyiza chumvi. Kimya. Hata nyuki hayupo.

Jua lilipotoka, alisema, umande ule ulioganda uliyeyuka na maua yakabaki pale pale, meupe na mazuri. Ila kila ua, katikati, kitovu chake kilikuwa cheusi. Ua la namna hiyo halizai.

Kijiweni hakuna jambo linaloachwa lijiendee bila sababu, kwa hiyo tukaitafuta. Barua alisema mikoa hiyo mitatu ni ndugu wa tumbo moja, huandikiana kwa upepo. Sasa mwaka huu mawingu ya milimani yamekosewa anwani, yote yakapelekwa bondeni, na usiku usio na wingu ni mtu aliyelala bila blanketi. Dalili ya mvua ni mawingu, akamalizia, ingawa alikuwa anazungumzia mahali pasipo na mvua wala wingu.

Kipimajoto alikataa. Kwake yeye baridi haipotei. Miaka kumi tunaitengeneza hapa ghalani usiku na mchana, inavuja chini ya mlango, inaondoka zake, inakwenda wapi? Inatafuta mahali pa juu pa kulala. Haba na haba hujaza kibaba. Shangazi akataka kujua tangu lini baridi ikapanda mlima kwa miguu, akajibiwa kwamba mwenda pole hajikwai.

Masafa aliweka kikombe chini. Kisha akasema:

— Basi ni mimi. Kule juu nikipakia naacha milango ya nyuma wazi. Dakika ishirini nzima baridi inamwagika shambani kwa watu. Mwaka wa sita huu.

Tulitaka kucheka, lakini uso wake haukutupa nafasi. Shangazi alimwambia anywe kahawa, jalidi limeanguka hata kwenye mashamba ambayo lori lake halijawahi kuyaona. Aliitikia kwa kichwa, huku akiitazama mikono yake.

Hapo ndipo akatoka ghalani mama mmoja mwenye viatu vya mvua, amebeba mche wa stroberi ndani ya kopo la maziwa. Masafa alimpisha akae, akatuambia ndiye mwenye shamba la mwisho kabla barabara haijaisha. Alikuwa amempa lifti kutoka huko milimani. Mama alitusalimia mmoja mmoja, akaweka kopo magotini. Hadithi yake aliisema kwa sauti ya chini. Analima matuta saba pamoja na mama mkwe wake. Mama mkwe ameshaamua: Jumamosi stroberi zing'olewe, wapande viazi, mbegu tayari ziko mlangoni, zimechipua. Stroberi hizo alizipanda mama huyu mwenyewe, mwaka alioolewa, na ndizo kitu cha kwanza pale alichokiita changu. Amekuja kumuuliza meneja wa ghala kama asubiri. Meneja kamwambia yeye anashughulika na matunda, maua siyo kazi yake.

Basi tukamshauri. Masafa akasema subira yavuta heri. Kipimajoto akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Barua akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hatukujua kati yetu nani mgeni, nani anapona. Mama alitusikiliza wote kwa adabu, akaligeuza kopo, maua yakatutazama.

— Naomba niulize, wakubwa zangu. Huu mche unajua kwamba maua yake yamekufa?

Aligusa ua moja kwa ncha ya kidole.

— Kama unajua, utachanua tena, akasema. Kama haujui, utakaa unayangoja haya haya mpaka msimu uishe.

Kipimajoto alitoa kifaa chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Barua aliinua macho juu, na mbingu ilikuwa tupu. Kahawa ilipoa, kila mmoja akiufikiria mche unaongoja kwa uaminifu kitu kisichokuja.

Kisha mama akalishika ua la kwanza kwa kucha, akalikata. Akalikata la pili. Hakuwa na haraka. Kila ua alilitazama kwanza, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba na hataki kuisema vibaya. Mche ulipobaki majani matupu, aliondoka na Masafa jioni hiyo hiyo.

Yaliyofuata tuliyasikia kwa Masafa. Mama alianza tuta la kwanza asubuhi, ua baada ya ua. Mama mkwe alisimama mlangoni karibu na viazi vyake, akamwangalia hadi adhuhuri. Alasiri akaomba kigoda, akaanza tuta la saba, wakawa wanakuja kukutana katikati. Jumamosi ikapita. Wiki ya sita matuta manne yakachanua upya, vitovu vya njano. Matatu yakanyamaza.

Masafa alimuuliza hayo matatu yamekuwaje.

— Labda bado hayajanielewa, mama akamjibu, akashika tena jembe lake la mkono, akapalilia yote saba.