Mukonyo, Aliyefundisha Mto Kuweka Maji

Wapendwa waombolezaji, wale mliosimama kule nyuma sogeeni mbele kuna viti, kwa sababu Mama Wambua hakupenda kusikilizwa kwa mbali, na haya ni maisha yake.

Marehemu Peninah Mukonyo Masila, Mama Wambua wetu, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963 kijijini Mbiuni, Machakos, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Nzau na hayati Mama Kasyoki, na alijua kuchimba mchanga wa mto kwa kikombe akitafuta maji kabla hajajua kuandika jina lake. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1971 hadi 1977, kisha sekondari hadi 1981, akiwa wa kwanza kwa hesabu na, walimu wake walisema, wa mwisho kunyamaza. Mwaka 1983 alipata cheti cha uashi, msichana pekee darasani.

Mwaka 1985 alikuja Nairobi, akafanya kazi za nyumbani Lavington, mpaka tajiri wake aliporudi safari akakuta ukuta wa bustani uliokuwa umeanguka umesimama wima, akauliza fundi ni nani, akaonyeshwa msichana mwenye aproni. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Lazarus Masila, mchoraji wa mabango, katika kanisa letu hapa mtaani Satellite, wakahamia Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, na Mungu akawabariki na Wambua, Mukai na Wavinya. Mkwe wake Nasimiyu, mke wa Wambua, ni shahidi kwamba siku alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, na gauni lake zuri, alipewa koleo achanganye simiti, na jioni mama akatangaza kwamba huyu anatosha.

Mwaka 1990 aliajiriwa na shirika dogo lililokuwa na ofisi mjini, orofa ya tatu, ambalo imani yake ilikuwa moja, kwamba nchi zinazoendelea zina mengi ya kufundishana zenyewe kwa zenyewe. India walimfundisha kuvuna maji ya paa, naye akawafundisha wageni kutoka pande zote za dunia bwawa la mchanga la kwetu Ukambani, yaani ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki humo ndani hata kiangazi kikiwa kikali. Alifundisha kwa mwethya, kazi yetu ya pamoja isiyo na watazamaji, kwa hivyo wakurugenzi wenye suti walibeba mawe, na mmoja aliyeuliza mahali pa kuketi aliambiwa, "Bosi, hapa tunaketi tukimaliza."

Sasa tuseme na kosa lake, maana yeye mwenyewe alilisema kila mahali. Mwaka 2022 Mama Chisomo na wenzake tisa kutoka Chikwawa, Malawi, walikaa Mutuini miezi minne wakijifunza, kisha Mukonyo akaenda nao kujenga kwao. Ukuta wa namna ile hupandishwa kidogo kidogo, msimu kwa msimu, ili tope lipite juu na mchanga mzito ubaki, lakini wakubwa wa shirika walitaka sherehe ya ufunguzi upesi, naye, mwanamke ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu, siku hiyo akakubali, wakaupandisha wote mara moja. Mvua ikaja, bwawa likajaa tope tupu, na Agosti 2023 akina mama walipochimba hawakupata hata tone. Wakubwa walitaka kuufunga mradi, wakisema wanawake wale hawakuelewa mafunzo. Mukonyo aliandika barua, "Kosa ni langu, si lao, wapeni nafasi," na kutoka siku hiyo jambo moja tu lilimnyima raha, kama akina mama wale watapata maji au watabaki na aibu yake.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, safari zikaisha, akafundisha kwa simu akiwa kitandani, na akina mama wa Chikwawa wakabomoa sehemu ya juu ya ukuta, wakazoa tope, wakaanza kupandisha upya polepole. Septemba 2025, wakati wa kuchimba ulipofika, simu ya Chikwawa ikanyamaza wiki tatu nzima. Alilia, jamani, tusifiche, alisema wamekosa maji tena na wanaona haya kumwambia.

Tarehe 3 Oktoba, mama akiwa amelazwa wodini, Mama Chisomo akapiga, na kile Kiswahili chake cha Mutuini, akasema maji yapo, ng'ombe wanakunywa, na samahani kwa kunyamaza, walikuwa wamevuka mpaka kwenda Msumbiji kufundisha akina mama wa huko, ambako hakuna mtandao.

Mukonyo akafoka, "Ai! Na hamkuniuliza?" Kisha akacheka mpaka nesi akaja mbio, naye Mukonyo akamlazimisha Mzee Lazarus, na goti lake bovu, acheze pale katikati ya vitanda. Alilala mikononi mwa Bwana tarehe 21 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili, na tunasema bila kuficha kwamba alikwenda akiwa na furaha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule nesi aliyejifanya haoni ile ngoma, majirani wa Mutuini waliotuletea chakula kila siku, wafanyakazi wenzake, na Mama Chisomo aliyesafiri siku tatu kwa basi na yuko hapa nasi.

Mama yetu, Jumatatu ijayo akina mama wa Msumbiji wanaweka safu ya kwanza ya ukuta wao, fupi, kama inavyotakiwa, na hakuna hata mmoja wao anayelijua jina lako. Pumzika kwa amani, fundi, kazi inaendelea.