Mito ya Mama

Wenzangu, mniwie radhi nikizungumza nimekaa. Nikisimama sana bega hili hunivuta. Nna miaka miwili sina mtulinga wa kulia, huu mfupa wa chini ya shingo unaokwenda begani. Uliota uvimbe, mfupa ukatolewa wote, na alhamdulillahi uvimbe haujarudi. Daktari aliniambia mkono utafanya kazi bila mfupa ule. Sikumuamini hata kidogo.

Nawaambia kweli, nilijidekeza. Mazoezi yaliuma, nikayaacha. Nyumbani Ghubra sikushika hata kikombe cha kahawa. Dada zangu walinivisha, wakanilisha, na mkono ukazidi kukakamaa. Nililia kwa maumivu, na zaidi kwa hofu kwamba sitamsuka tena mama yangu. Tangu nilipokuwa msichana, kila Alhamisi namtia mafuta na kumsuka. Nilipougua, dada zangu walitaka kumsuka, akawakatalia. Wiki sita alikaa na nywele timtim chini ya mtandio.

Alhamisi moja akaja na kitana, akakaa kwenye zulia mbele ya kiti changu. Kwa magoti yake yale mabovu, kuteremka tu ilikuwa kazi. Akaniambia nimsuke hapo hapo mkono unapofika. Nilimsuka huku nalia, na msuko wenyewe ulikuwa aibu tupu. Msicheke.

Wiki iliyofuata akakalia mto. Baadaye ikawa miwili, kisha mitatu. Bega likawa linawaka moto, nikachukia. Nikamuuliza, kama ni magoti yanayomkalisha juu ya mito, mbona kila wiki ananipandia juu na mimi naumwa?

"Magoti yangu yanauma chini na juu," akasema. "Ni mkono wako nnaoupandisha."

Niliona haya, jamani. Jumapili yake nikarudi kwenye mazoezi, na binti anayenifanyisha mazoezi hospitali hakunilaumu. Mungu amjaze kheri, yeye na madaktari, na dada zangu, ingawa walinidekeza.

Siwadanganyi: kizito sibebi, shela huteleza upande huu, na kiyoyozi kikizidi bega huuma. Lakini navaa mwenyewe, napika. Mwenye mgonjwa nyumbani, mwonee huruma, ila mwachie na kazi yake.

Mama yule pale nyuma, anajifanya hasikii. Leo asubuhi nimemsuka amekaa kitini, sawa na mimi, mikono yangu imepanda kupita mabega yangu. Nilipomaliza, akaulizia ule mto, wiki ijayo aukalie hapo kitini.