Damu Kabla ya Kahawa

Katika basi la asubuhi kwenda chuoni Al Khoudh, Mahbuba alijifanya anatazama nje, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Pale bibi mmoja mnene, kapakata bakuli la halwa, alikuwa akimhoji msichana wa chuo kikuu.

"Utafiti gani huo, mwanangu?"

"Ndani ya chembe nyekundu za damu mna vimeng'enya vinavyozilinda zisichakae. Nataka kujua kama unene unavidhoofisha."

"Na umeona nini?"

"Bado, bibi. Wanene wanaona haya kuja. Wachache waliokuja walitakiwa wawe na njaa ndipo niwatoe damu, mimi nikawakaribisha kahawa na tende kwanza. Damu yote nikaimwaga."

Bibi alicheka mpaka kiti kikalia. "Wallahi, mama yako kakulea!"

Mahbuba alimpenda msichana papo hapo. Kukiri kosa kama hilo mbele ya basi zima si mchezo.

Basi liliposimama chuoni, bibi alifunika halwa yake, akainuka kwa taabu. "Nna njaa toka jana usiku. Twende zetu, lakini mizani yako iwe madhubuti."

Mahbuba, ambaye naye si mwembamba, aliitazama sambusa aliyoificha mkononi. Alikuwa ameshaiuma.