Siku Sote Tulipokwenda Kujifunza: Risala ya Mawakili Wapya wa Songea

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa taaluma, wakufunzi, na ninyi mawakili wenzetu,

Kwa niaba ya wenzangu, mimi Kajetani Komba nimepewa heshima ya kusoma maneno haya.

KARIBU SONGEA

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona ukija kutufungulia mafunzo haya. Tulianza kufurahi tangu asubuhi, na kadiri muda ulivyosogea furaha ilizidi, hata chai ikapoa tukiwa bado tunafurahi. Tunaelewa barabara ni ndefu na majukumu yako ni mengi. Jisikie nyumbani.

TULIVYOANZA

Sisi ni mawakili tulioapishwa miaka ya karibuni. Tulipotoka kuapa kila mmoja alirudi na joho lake na picha za familia, akaanza kutafuta wa kumshika mkono. Wakongwe wetu ni wema lakini ni wachache, na kila mmoja anakimbizana na mashauri yake. Kwa hiyo tukaanza kukutana kila Ijumaa jioni katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, mtaa wa Mfaranyaki. Tunasoma hukumu mpya, tunabishana, tunasahihishana hati. Mwenye duka anadhani ni kikundi cha kwaya.

MAFANIKIO

Mafunzo endelevu yametufikisha mbali, mgeni rasmi. Yametufikisha Dar es Salaam.

Mwaka jana tuliarifiwa kwamba asiyehudhuria mafunzo hatapata alama, na asiye na alama asitegemee kuhuisha leseni. Tulitii. Tulipanda basi moja, mawakili wapya wote wa mji huu, tukasafiri kutwa nzima. Mada ilikuwa nzuri: "Wajibu wa Wakili Kutokosa Siku ya Shauri la Mteja." Mkufunzi alifundisha kwa hisia, na sote tulipewa vyeti.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja tu, nayo ina jina. Ni Mama Kunegunda wa Mpitimbi.

Mama huyu ni mjane. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliingia katika shamba la mahindi akasema ni la ukoo. Mama akafungua shauri katika baraza la ardhi, na wakili wake akawa mwenzetu Zulfa Muhsini, binti wa Tunduru. Lilikuwa shauri la kwanza la Zulfa kusimama peke yake.

Siku ya kusikilizwa iliangukia siku ile ile ya mafunzo. Zulfa aliomba waandaaji wamruhusu ahudhurie awamu nyingine, akajibiwa awamu nyingine haijapangwa. Akatafuta wakili wa kumshikia shauri, lakini sote tulikuwa tunasafiri na basi lile lile, yeye akiwemo. Mkongwe mmoja alikubali, kisha asubuhi ile akaitwa Mahakama Kuu. Ikabaki barua ya kuomba ahirisho.

Mama Kunegunda alifika barazani akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Karani ndiye aliyetusimulia.

"Wakili wako yuko wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Wameniambia amekwenda kujifunza."

"Uko tayari kuendelea mwenyewe?"

"Mimi nitaendeleaje, mheshimiwa? Karatasi anazo yeye." Kisha akamgeukia karani. "Kumbe alikuwa hajajifunza?"

Watu walicheka. Upande wa pili ukapinga ahirisho, kwa kuwa shauri lilikwisha kuahirishwa mara mbili. Likafutwa. Wakati huo sisi tulikuwa ukumbini tunapiga makofi.

Tuliporudi, Zulfa alichukua bodaboda hadi Mpitimbi. Alimkuta mama anapukuchua mahindi ya kununua, huku ng'ambo ya kijito shemeji anapanda katika shamba lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshajifunza?"

"Nimejifunza, mama."

"Haya, nieleze na mimi. Walikufundisha nini?"

Zulfa aliketi akasaidia kupukuchua mpaka gunzi la mwisho, kisha ndipo akamweleza ukweli wote, pamoja na mada. Mama akakusanya magunzi. "Basi wewe sasa unajua," akasema. "Rudi ukalifufue."

Alilifufua. Aliandika maombi ya kurejesha shauri, sisi tukayapitia Ijumaa mbili mfululizo, na baraza likakubali. Tukashangilia hadi mwenye duka akaja kuuliza ni wimbo gani huo.

MAOMBI YETU

Tunaomba mafunzo yaje huku kama leo, na yasiishie kwenye kufunguliwa. Tunaomba wakongwe wapewe alama kwa kutulea, maana saa moja kando ya wakili anayehoji shahidi inatufaa kuliko siku nzima ya slaidi. Tunaomba Ijumaa zetu zitambuliwe. Na tunaomba anayepanga tarehe za mafunzo awaulize kwanza wanaopanga tarehe za mashauri. Wako mji huu huu, na simu zao zinapokelewa.

Ombi hili la mwisho tunalitoa kwa sababu shauri la Mama Kunegunda linasikilizwa leo. Zulfa alipouliza kama anaweza kukosa mafunzo haya, alikumbushwa habari za leseni. Asubuhi hii amevaa suti yake akapita mbele ya ukumbi huu, akaenda barazani. Mpaka tunasimama hapa shahidi wa kwanza alikuwa anaendelea, na Mama Kunegunda ameketi nyuma ya wakili wake.

Zulfa alituagiza tukuombe radhi kwa kutohudhuria kwake. Mgeni rasmi, tumelijadili agizo hilo kwa makini, na radhi hiyo hatutaiomba.

Mwenyezi Mungu akubariki, akulinde njiani, na akujalie siku zote kupata mtu wa kusimama nawe unapoitwa jina.

Ni sisi,
Mawakili Wapya wa Songea